MKAO WA GARI: HESABU YA RIMU NA MATAIRI YA DATSUN YA GUKA

Nilipoombwa kuandika makala ya mafunzo katika jarida letu la mwaka huu, wengi walidhani nitaandika juu ya ngeli au vitanza ndimi. La hasha! Nimeamua kuandika juu ya magurudumu. Mwenzangu mmoja wa darasani alicheka akaniambia, "Wewe, hiyo ni Fizikia. Peleka kwa watu wa sayansi." Nilimjibu kwamba neno nitakaloanza nalo ni la Kiswahili sanifu wala halitaki kuazima chochote. Neno lenyewe ni mkao.

Mkao ni nomino iliyotokana na kitenzi kaa. Vijana wa kwetu Gitothua wakiona gari kuukuu lililotunzwa likipita, hawasemi kwamba ni zuri. Wanasema, "Hiyo gari imekaa!" (Mwalimu, najua gari limo katika ngeli ya LI-YA. Nimeandika jinsi wanavyosema.) Wanachokisifu ni namna gari linavyosimama juu ya ardhi: pengo lililo kati ya tairi na madigadi ni kubwa au dogo, tairi limejificha ndani au limesogea nje, mbele na nyuma vimelingana au gari linaonekana kama fisi. Mkao huo huletwa na springi na magurudumu. Nitashughulikia zaidi magurudumu, lakini springi nazo zitaingia baadaye kwa sababu zilitudanganya.

Na rimu nitakayoitaja humu si ile rimu ya karatasi tunayodaiwa langoni siku ya kufungua shule. Ni kile chuma kinachobeba tairi.

Sasa nielezee gari lenyewe. Guka, yaani babu yangu mzaa baba, ana Datsun 1200 ya mwaka 1972, ya milango minne, yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa majani chai kidogo. Injini yake ni ile iitwayo A12, ya sentimita mchemraba 1171. Alilinunua likiwa limetumika tayari, mwaka 1977. Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa imepanda ajabu, kwa kuwa baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na wakulima wa huku Kiambu wakapata pesa ambazo hawakuwa wamezizoea. Wengi walijenga nyumba na kuziezeka mabati. Guka aliezeka nusu ya nyumba, na kwa nusu iliyobaki akanunua Datsun. Ukimwuliza kwa nini Datsun, hakosi jibu: "Nani alikuwa anashinda Safari?" Na ni kweli. Edgar Herrmann alishinda mbio za Safari kwa Datsun mwaka 1970 na 1971, naye Shekhar Mehta akashinda mwaka 1973. Kisha Shekhar alirudi akashinda mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, na zote kwa Datsun. Guka huyahesabu hayo kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amekaa kando ya dereva akisoma ramani.

Gari hilo ndilo lililompeleka Cucu hospitalini alipokuwa akienda kumzaa baba yangu mdogo, ambaye sisi sote humwita Ankoli. Ndilo lililokuwa likimpeleka sokoni na kanisani. Cucu alipofariki mwaka 2016, Guka aliliegesha chini ya mparachichi, akalifunika kwa turubai. Kuku walitaga mayai katika kiti cha nyuma. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kama analiuza.

Mwaka jana binamu yangu alikuwa na ruracio kwao Thika. Wazee walipokuwa wakipanga magari ya kuwabeba, Guka alisema neno moja tu: "Mimi nitaenda na gari ya mama yenu." Basi Baba na Ankoli walikuwa na wiki sita za kulifufua.

Injini haikutupa taabu kubwa. Taabu ilikuwa chini. Matairi yalikuwa yamepasukapasuka ubavuni kama midomo ya mtu mwenye homa, nayo yalikuwa ya inchi 12. Nendeni madukani mkaulize tairi la gari dogo la inchi 12 mwone mtakavyoangaliwa. Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016, na maduka sasa huuza yanayoletwa kutoka nje, ambayo mengi ni ya magari ya siku hizi ya inchi 14, 15 na 16. Ankoli akasema, "Wacha tuweke rimu za spoti. Gari ya Mzee ikae poa siku hiyo." Kwa kuwa nilikuwa likizoni, nami hujisifu kwamba najua magari, alinituma kwa muuzaji mmoja wa rimu kuukuu nikamchagulie.

Nilizipata. Zilikuwa za aluminiamu, inchi 14, zimetoka kwenye Toyota Corolla, zikiwa na matairi yake ambayo bado yalikuwa na meno. Zilikuwa zinang'aa! Nilihesabu matundu ya nati: manne. Nilikumbuka gari la Guka: bolti nne. Nikampigia Ankoli simu nikamwambia, "Zinaingia." Akatuma shilingi 18,000.

Hazikuingia. Bolti za Datsun zilikuwa zimesimama mbali kuliko matundu. Fundi aliyekuwa akitusaidia hakushtuka. Alisema jambo hilo ni dogo, akachukua mashine akayapanua matundu kuelekea nje. Tulipojaribu tena, gurudumu la mbele liligusa nguzo ya shoki kwa ndani, halikuzunguka. Fundi akaweka spesa, yaani kipande cha chuma cha milimita 20 nyuma ya rimu, ili gurudumu lisogee nje. Nati zilizokuja na rimu zikakataa kuingia kwenye bolti hata mizunguko mitatu, akarudisha zile za zamani. Alipoteremsha jeki sote tulirudi nyuma hatua kadhaa tukalitazama gari. Sitawadanganya. Lilikuwa limekaa!

Siku ya ruracio Guka alivaa suti yake ya kahawia na kofia, akaketi mbele. Ankoli aliendesha, mimi nikakaa nyuma na kreti ya soda. Tulitoka Gitothua polepole kupitia njia ya vumbi, tukaingia Thika Road. Tulipofika kilomita 60 kwa saa, usukani ulianza kutetemeka. Tulipokaribia Juja nilisikia ko, ko, ko upande wa kushoto mbele. Ankoli aliliweka gari kando. Malori yalikuwa yakitupita yakituyumbisha kwa upepo wao. Niliinama nikaona jambo ambalo hata sasa likinijia usiku silali upesi: nati moja haikuwepo, mbili zilikuwa zinageuka kwa vidole, na moja tu, moja peke yake, ndiyo iliyokuwa imeshikilia gurudumu upande alioketi Guka.

Guka aliteremka, akavua kofia, akaliangalia gurudumu kwa muda. Kisha akanitazama mimi, si fundi wala Ankoli.

"Kijana wangu," akasema, "uliangalia mashimo ni mangapi. Hukuangalia yako wapi."

Tulipanda matatu. Guka alienda kwenye ruracio ya mjukuu wake akiwa amebanwa kati ya mama mwenye kuku na mimi mwenye kreti ya soda. Gari la Cucu lilirudishwa Gitothua juu ya lori usiku.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo niliazimia kujifunza jambo hili kwa daftari na futikamba, na hayo niliyoyapata ndiyo somo letu. Nimeyapanga kwa jinsi nilivyokosea.

Kosa la kwanza lilikuwa la matundu. Bolti za gurudumu husimama juu ya duara moja, na kipenyo cha duara hilo ndicho mafundi hukiita PCD. Datsun 1200 ina bolti nne juu ya duara la milimita 114.3, ambazo ni inchi nne na nusu. Zile rimu za Corolla zilikuwa na matundu manne juu ya duara la milimita 100. Tofauti ni milimita 14.3, na kwa kuwa imegawanyika pande mbili, kila tundu lilikuwa limekosea kwa milimita 7 na kidogo. Huenda ukasema milimita saba ni nini? Tundu la nati ya gurudumu limechongwa kama faneli, na nati nayo imechongoka, ili zikikutana nati iivute rimu ikae katikati kabisa. Tundu likipanuliwa faneli hiyo inaharibika. Nati inabaki imeegemea upande mmoja, na kila gurudumu linapozunguka inasukumwa kidogo. Baada ya kilomita chache inalegea.

Kupima duara hilo ni rahisi iwapo hukulala katika somo la Pythagoras. Huwezi kupima moja kwa moja kutoka bolti hadi bolti inayoitazama, kwa sababu habu imesimama katikati na kuzuia futikamba. Basi pima bolti mbili zilizo jirani, katikati hadi katikati. Bolti nne hufanya mraba, na kipenyo cha duara ni ulalo wa mraba huo, kwa hivyo unazidisha kipimo chako kwa 1.414. Kwenye Datsun nilipata milimita 81 kasoro kidogo, na jibu likaja 114. Kwenye zile rimu nilipata kama 71, na jibu likaja 100. Kazi ya dakika mbili! Ningeifanya kwa muuzaji, shilingi 18,000 zingebaki mfukoni mwa Ankoli. Nimeshauambia mdomo wangu kwamba usiseme tena "zinaingia" kabla mkono haujapima.

Nati nazo zina lugha yake. Bolti ya Datsun ni ya milimita 12 na nyuzi zake zimeachana kwa milimita 1.25. Za Toyota ni za milimita 12 pia, lakini nyuzi zimeachana kwa milimita 1.5. Ukizitazama kwa macho ni mapacha. Ukizilazimisha kwa spana utaziharibu zote mbili.

Kosa la pili ndilo lililotaka kutuua, nalo watu wengi hawalijui. Rimu ina upana, na ndani ya upana huo kuna uso unaogusana na habu. Uso huo unaweza kuwa katikati kabisa ya upana wa rimu, au ukasogea upande wa nje au wa ndani. Umbali huo kutoka katikati huitwa ofseti, na mara nyingi umechorwa kwenye rimu yenyewe kwa herufi ET na nambari. Magari ya siku hizi yanayovutwa na magurudumu ya mbele huwa na ofseti kubwa, 35 hadi 45, maana yake sehemu kubwa ya gurudumu imeingia ndani. Magari kuukuu kama Datsun, yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yana ofseti ndogo.

Rimu yetu ya zamani niliipima nikapata ofseti ya kama milimita 20, na tairi lake ni la upana wa milimita 155. Nusu ya 155 ni 77.5, ukijumlisha 20 unapata 97.5. Hizo ndizo milimita ambazo gurudumu liliingia ndani kutoka usoni mwa habu. Zile rimu za Corolla ziliandikwa ET39, na matairi yake yalikuwa ya milimita 185. Nusu yake ni 92.5, jumlisha 39, unapata 131.5. Yaani gurudumu jipya liliingia ndani milimita 34 zaidi, ilhali nafasi iliyokuwepo kati ya tairi la zamani na nguzo ya shoki ilikuwa milimita 28. Hesabu inasema litagusa, na liligusa!

Spesa ilisogeza gurudumu nje milimita 20, ni sawa, lakini bolti hazikurefuka. Nati inatakiwa ishike bolti kwa kina kisichopungua unene wa bolti hiyo. Bolti ya milimita 12 inataka nati iingie milimita 12, na kwa nyuzi za 1.25 hiyo ni takriban mizunguko kumi. Zetu zilikuwa zimeingia mizunguko minne. Nilihesabu mwenyewe baadaye kwenye gurudumu la kulia, ambalo halikuwa limelegea. Matundu yaliyopanuliwa na nati zilizoshika kwa ncha tu: ndugu zangu, hatukuwa na gari, tulikuwa na toroli.

Sasa tuje kwenye ukubwa wa tairi, ambao ndio hasa unaotengeneza mkao. Maandishi ya tairi ni sentensi, na mwanachama wa chama chetu hawezi kushindwa kuchanganua sentensi. Tuchukue 175/70R13 82T. Nambari ya 175 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 70 si milimita. Ni asilimia, kwamba kimo cha ubavu ni 70 kwa 100 ya upana. Herufi R ni aina ya ufumaji wa ndani. Nambari ya 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 82 ni fumbo la mzigo, na maana yake ni kilo 475 kwa kila tairi. T ni fumbo la mwendo, kilomita 190 kwa saa, ambalo kwa Datsun ya Guka ni sifa za bure. Kuna nambari nne pia ndani ya kijisanduku kidogo ubavuni: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni tairi lililozaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayeuziwa tairi lenye meno mazuri aangalie umri wake kwanza.

Matairi ya Guka yaliandikwa 155SR12, bila asilimia. Tairi la zamani la namna hiyo huchukuliwa kuwa na ubavu wa kama 80 kwa 100. Kwa hivyo ubavu ni milimita 124. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo ni 248. Rimu ni inchi 12, na kila inchi ni milimita 25.4, kwa hivyo 304.8. Jumla ni milimita 552.8. Hicho ndicho kipenyo cha gurudumu zima, na ndicho kitu cha kwanza cha kulinda. Mzingo wake ni mita 1.737, na kwa hivyo gurudumu huzunguka mara 576 hivi katika kila kilomita. Spidomita haijui barabara. Inajua kuhesabu mizunguko tu. Ukibadilisha kipenyo, umeifundisha kusema uongo.

Yale matairi ya Corolla yalikuwa 185/65R14. Fanya hesabu mwenyewe utapata milimita 596.1, karibu asilimia 8 zaidi. Spidomita ikisoma 50, ambao ndio mwendo wa mwisho mjini kisheria, wewe unakwenda 54. Isitoshe, gurudumu kubwa ni sawa na kupanda baiskeli kwa gia nzito: injini ya 1171 inasikia kila mlima.

Ankoli hakukata tamaa. Aliwahi kuona picha za Datsun za Japani zilizolala chini hadi tairi limejificha ndani ya madigadi, akataka inchi 15 zenye matairi ya 195/45. Tulikaa mezani na daftari. Kipenyo kilikuwa milimita 556.5, karibu sawa kabisa na cha zamani! Ankoli akapiga meza kwa furaha. Lakini nikamwonyesha safu ya ubavu: milimita 88 peke yake. Tairi la zamani lilikuwa na 124. Ubavu ndio godoro la gari, na atokaye kwetu Gitothua msimu wa mvua anajua mashimo yetu. Jiwe moja likigonga godoro la milimita 88, rimu inapinda na tairi linachanika. Nilimkumbusha pia kwamba zile Datsun za Safari ambazo Guka huzisifu zilisimama juu, kwa sababu zilikuwa zinapita njia kama zetu. Mkao wa kulala chini ni mzuri pale lami ilipo laini. Hayo ni maoni yangu, na Ankoli bado hajayakubali.

Tulibaki na 185/60R13 na 175/70R13. La kwanza lilinivutia sana. Kipenyo chake ni milimita 552.2, tofauti na cha asili ni nusu milimita tu, utadhani lilitengenezwa kwa ajili ya Guka. Ni pana, linajaza madigadi, linataka rimu ya upana wa inchi 5 hadi 6 na nusu. Lakini ubavu wake ni 111, halikupatikana kwa urahisi, na usukani wa Datsun hiyo hauna msaada wowote ila mikono ya dereva. Guka ana umri wa miaka 79. Kila milimita unayoongeza kwa upana unamwongezea yeye kazi anapoegesha.

La pili lina ubavu wa milimita 122.5, karibu godoro lile lile la zamani. Kipenyo ni 575.2, asilimia 4 zaidi. Spidomita ikisema 80 ni 83. Gari linainuka milimita 11. Hapa pana jambo lililonichanganya kwa siku mbili, nami nitalieleza polepole. Ukikata springi, gari linashuka na pengo la juu ya tairi linapungua. Ukiweka tairi kubwa kidogo, gari linapanda, lakini pengo linapungua pia, kwa sababu tairi limekua kuelekea juu wakati madigadi yako palepale yakipimwa kutoka katikati ya gurudumu. Macho huona pengo zaidi kuliko kimo. Kwa hivyo gari linaweza kuonekana limekaa vizuri zaidi ilhali tumbo lake liko juu zaidi ya mawe.

Tulichagua 175/70R13, tukatafuta rimu za chuma za upana wa inchi 5 kutoka Datsun nyingine kuukuu, matundu manne, duara la 114.3 (nilipima mara tatu, muuzaji akaniuliza kama mimi ni wa polisi). Ofseti yake ilikuwa 15. Ndani tuliongeza milimita 5 tu, zikabaki 23 hadi kwenye nguzo ya shoki. Nje tuliongeza 15, na kwa kuwa tairi la zamani lilikuwa limejificha milimita 30 kutoka ukingo wa madigadi, zikabaki 15. Hiyo ndiyo milimita inayofanya watu waseme "imekaa". Kisha tuliinua gari kwa jeki, tukageuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, tukabonyeza pembe moja moja watu wanne wakiwa wamekaa juu ya boneti na buti, kuona kama tairi litagusa popote. Kipimo hiki hakihitaji kalamu, na wengi hukiruka.

Hapo ndipo tulipogundua ujanja wa springi. Gari lilikuwa bado limeinamia nyuma upande wa kulia. Nilipima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake: mbele milimita 350 na 352, nyuma kushoto 341, nyuma kulia 322. Hakuna rimu inayoweza kuponya tofauti ya milimita 19. Kulala chini ya gari kulionyesha kwamba jani moja la springi ya kulia lilikuwa limevunjika, pengine tangu enzi za magunia ya kahawa. Fundi mwingine wa jua kali aliweka jani jipya na kuyapiga yote upya yakarudi upinde wake. Pima pembe nne kabla ya kununua chochote. Mimi nilipima mwisho kabisa, na kwa muda wote huo nilikuwa nikiyalaumu magurudumu.

Tulipomaliza, Guka alitoka nyumbani na fimbo yake. Alizunguka gari mara mbili. Hakusema limekaa wala halijakaa. Aliinama mbele ya kila gurudumu akazigusa nati moja baada ya nyingine, zote kumi na sita, kisha akasema, "Leteni spana." Alizikaza mwenyewe kwa mtindo wa msalaba, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto. Jumapili iliyofuata tulikwenda naye Thika kuwasalimu wakwe. Tuliposimama Juja sikuambiwa, niliteremka nikazikagua. Hakuna iliyokuwa imesogea.

Limebaki swali la gurudumu la akiba. Rimu ya tano ya inchi 13 hatujaipata, kwa hivyo katika buti bado lipo lile la inchi 12. Likitumika mbele kwa safari fupi halina neno. Lakini nyuma ndiko nguvu ya injini inakopita, na magurudumu mawili yasiyolingana kipenyo yataifanya gia ya ekseli izunguke bila kupumzika hadi ichoke. Kwa hiyo pancha ikitokea nyuma, tutatoa gurudumu zima la mbele tulipeleke nyuma, halafu la akiba liingie mbele. Ni kazi ya jeki mara mbili. Ankoli anasema ni usumbufu. Guka ameshaiandika kwa kalamu ya risasi ndani ya kifuniko cha buti, kwa hati yake ya zamani, na chini yake ameandika 114.3.